Mgeni Mpe Jembe: Upachikaji wa Video za Mafunzo za Watu Wengine katika Kozi za Mtandaoni za Chuo Kikuu

Ikisiri

Makala hii inachunguza desturi iliyoenea katika kozi za mtandaoni za vyuo vikuu vyetu, ambapo mhadhiri huchukua video ya mafunzo iliyotengenezwa na mtu mwingine na kuipachika katika ukurasa wa somo lake. Hoja kuu ya makala ni kwamba video ya aina hii ni mgeni katika somo. Haiwajui wanafunzi, haijui lugha ya kozi, wala haijaahidi kukaa. Kwa hivyo haiwezi kufundisha hadi mwenyeji, yaani mhadhiri, aitambulishe, aipunguze, aiwekee kazi na awe tayari kuendelea bila yake. Mfano unaotumiwa ni somo la unukuzi wa data ya fasihi simulizi kwa kutumia programu ya ELAN.

1.0 Utangulizi

Mnamo Machi 2020, vyuo vikuu vya Kenya vilifungwa kutokana na mkurupuko wa UVIKO-19, na baada ya muda mihadhara mingi ikahamia mtandaoni. Hali iliyoanza kama dharura imeacha desturi. Kumbi za mihadhara zilifunguliwa tena, lakini kozi nyingi zimebaki na sura mbili, moja ya ukumbini na nyingine ya mtandaoni. Miongoni mwa mambo yaliyosalia katika sura hii ya pili ni video zilizopachikwa katika kurasa za masomo.

Katika muhula mmoja, mwandishi wa makala hii alisaidia kufundisha kozi ya mbinu za utafiti wa fasihi simulizi. Somo la wiki ya tano lilihusu kurekodi, kuhifadhi na kunukuu data ya nyanjani. Ukurasa wa somo hilo ulikuwa na sentensi moja tu, ‘Tazama video ifuatayo kwa makini’, na chini yake video ya dakika 40 iliyotengenezwa na mtaalamu wa nchi nyingine. Siku mbili kabla ya wanafunzi kwenda nyanjani, video ile ilitoweka. Mahali pake palikuwa na kisanduku cheusi na maneno ya kueleza kwamba haipatikani. Mwenye video alikuwa ameiondoa. Hakuna aliyetufahamisha, na hakuwa na sababu ya kutufahamisha, kwani hakujua kwamba tupo.

Mwanafunzi mmoja alirudi kutoka nyanjani akiwa na rekodi tatu za ngano. Simu yake ilikuwa imezipa majina kwa namba tu, naye hakuwa amefundishwa kutaja mwanzoni mwa rekodi jina la fanani, mahali na tarehe. Hakuweza kusema kwa hakika ni rekodi ipi ya bibi yupi. Alilazimika kurudi. Bibi mmoja alimtambia ngano ile ile, lakini mara hii hapakuwa na watoto wa kuitikia wimbo, na mwisho wa ngano ulikuwa tofauti. Msomaji wa fasihi simulizi anajua kwamba hilo si kosa la bibi. Utendaji haurudiwi. Kilichopotea wiki ile kilikuwa utendaji mmoja ambao hautapatikana tena.

Tukio hilo ndilo lililozaa makala hii. Swali lake ni hili: mhadhiri anapoazima video ya mtu mwingine, ni kazi gani ya ufundishaji inayobaki mikononi mwake?

2.0 Maana ya Kupachika

Ni vyema kutofautisha vitenzi vitatu ambavyo mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni visawe. Kupakia video ni kuihamisha faili yenyewe hadi kwenye seva ya chuo. Kuunganisha ni kuweka kiungo kinachomtoa mwanafunzi katika ukurasa wa kozi na kumpeleka kwenye tovuti nyingine. Kupachika ni kuifanya video ionekane ndani ya ukurasa wa kozi ilhali faili yake imebaki kwa mwenyewe.

Kitenzi pachika kinafaa kwa maana hii. Mshale hupachikwa kwenye upote wa upinde, lakini haugeuki kuwa sehemu ya upinde. Ndivyo ilivyo kwa video. Mhadhiri anaponakili msimbo wa kupachika kutoka YouTube na kuubandika katika ukurasa wa Moodle, faili haihami. Kinachowekwa ni fremu, mfano wa dirisha lililotobolewa ukutani. Mwanafunzi anadhani anaona kilichomo chumbani, kumbe anaangalia ua wa jirani. Jirani akifunga lango lake, dirisha litabaki lakini hapatakuwa na cha kuonwa.

Mifumo hii miwili ina historia fupi. Moodle, mfumo huria wa kusimamia kozi, ulianzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2002. YouTube ilianzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006. Kwa hivyo, desturi tunayoizungumzia ni changa, na si ajabu kwamba hatujaiwekea kanuni.

Video za watu wengine ni za aina mbili kuu. Kuna zile zilizo wazi kwa umma, kama nyingi za YouTube. Kuna pia zile za kulipiwa, kwa mfano za LinkedIn Learning, huduma iliyotokana na Lynda.com baada ya kununuliwa na LinkedIn mwaka 2015. Video za aina ya pili hazifunguki kwa msimbo wa kawaida, kwa sababu mfumo unapaswa kuthibitisha kwanza kwamba mtazamaji ni mwanafunzi wa chuo kilicholipa. Uthibitisho huo hufanywa na kiwango cha kuunganisha mifumo kiitwacho LTI, ambacho husimamiwa na wahudumu wa teknolojia wa chuo na si mhadhiri peke yake. Ada ya chuo ikikoma, video nazo hufungwa.

3.0 Kwa Nini Tunaazima?

Isidhaniwe kwamba makala hii inapinga kuazima. Majirani huazimana kinu na mchi, na hakuna aibu katika hilo. Sababu tatu zinahalalisha desturi hii.

Kwanza, kuna ujuzi ambao mhadhiri hana. Mtaalamu wa ngano si lazima awe fundi wa programu. ELAN, iliyoundwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia mjini Nijmegen, Uholanzi, hupatikana bila malipo na humwezesha mtafiti kuyafungamanisha maandishi na sekunde za sauti au picha. Zotero, iliyoanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason nchini Marekani, husaidia kuhifadhi na kupanga marejeleo. Waliotengeneza video za kufunza programu hizi wengi wamezitumia kwa miaka.

Pili, kuna stadi ambazo huonekana kuliko zinavyosemeka. Kueleza kwa maneno mahali pa kubofya, kisha mahali pa kuburuta, humchosha msomaji. Kuonyeshwa mara moja kunatosha.

Tatu, video humpa mwanafunzi uwezo asioupata ukumbini. Anaweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma na kuitazama usiku wa manane bila kuona haya kwa kutoelewa mara ya kwanza.

Faida hizi ni za kweli. Hata hivyo, zote ni faida za video. Hakuna hata moja iliyo faida ya kuitupa video ukurasani na kuondoka.

4.0 Changamoto za Mgeni

4.1 Mwenye Mali

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazitambua kazi za picha na sauti kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa. Inaruhusu matumizi ya haki kwa shughuli kama vile utafiti, uhakiki na tahakiki, na inasisitiza kutajwa kwa mwenye kazi. Katika Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Haki iliamua mwaka 2014, katika kesi ya BestWater, kwamba kupachika kazi iliyokwisha kuwekwa hadharani kwa idhini ya mwenyewe si kuipeleka kwa umma mpya. Mwaka 2021, katika kesi ya VG Bild-Kunst, mahakama hiyo iliongeza kwamba mambo hubadilika iwapo mwenye kazi ameweka kizuizi cha kiufundi dhidi ya kupachikwa na kizuizi hicho kikakiukwa. Maamuzi hayo hayafungi mahakama za Kenya, lakini yanatuonyesha mpaka wenye mantiki: kutazama kupitia dirisha alilolifungua mwenyewe ni jambo moja, kuvunja dirisha alilolifunga ni jambo jingine.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kushikwa. Tusipakue video ya YouTube na kuipakia katika seva ya chuo bila ruhusa. Masharti ya huduma hiyo hayaruhusu kupakua pasipo idhini. Tuhakikishe kwamba aliyeiweka video ndiye mwenyewe, si mtu aliyeiiba. Na inapowezekana, tutafute video zenye leseni ya Creative Commons, ambazo mwenyewe ametangaza masharti ya matumizi tangu mwanzo. Mwanafunzi tunayemfunza kutaja marejeleo anapaswa kuona jina la mwenye video limeandikwa chini ya video.

Aidha, jirani anayetazamwa naye hututazama. Jukwaa la nje linaweza kukusanya taarifa za wanafunzi wanaotazama. Tangu Kenya ipitishe Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, suala hili si la hiari. YouTube ina chaguo la kupachika lenye faragha zaidi, ambalo anwani yake hutumia youtube-nocookie.com, na ni bora kulitumia.

4.2 Udumifu

Video iliyopachikwa hudumu kwa ridhaa ya mwenyewe. Anaweza kuiondoa, kuifanya ya siri au kuzuia isipachikwe. Hata ikibaki, inaweza kupitwa na wakati. Programu hubadilika, na kitufe kilichokuwa juu toleo lililopita hakipo toleo hili. Mwanafunzi anayeanza hajui kwamba video ndiyo iliyochakaa. Hudhani yeye ndiye asiyeelewa.

4.3 Gharama

Hesabu ifuatayo ni rahisi lakini haifanywi mara nyingi. Video inayotiririka kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 7.5 kwa dakika. Video ya dakika 40 kwa kasi hiyo hutumia megabaiti 300. Ikiwa picha ni safi zaidi, kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, matumizi yatafika megabaiti 750. Mwanafunzi akiirudia mara moja, gharama huwa maradufu.

Mhadhiri huiandaa kozi akiwa chuoni, penye mtandao usiomtoza senti. Mwanafunzi aliye nyumbani hulipia bando kutoka mfukoni mwake. Sentensi ‘Tazama video ifuatayo’ huandikwa na mtu asiyelipa, ikasomwa na mtu anayelipa. Kwa sababu hii, kila dakika isiyohitajika katika video ni kodi anayotozwa mwanafunzi maskini.

4.4 Lugha

Video nyingi za mafunzo ya programu ni za Kiingereza. Kozi yetu ni ya Kiswahili. Mijadala, insha na mtihani ni kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaposikiliza dakika 40 za istilahi za kigeni kisha akatakiwa kuandika ripoti kwa Kiswahili, hujikuta hana maneno. Katika ripoti tulizosoma, maandishi yanayoenda sambamba na sauti katika ELAN yaliitwa mistari, ngazi, safu na hata machozi! Jina la mwisho lilitokana na neno la Kiingereza lililosikika visivyo. Wanafunzi hawakuwa wazembe. Hakuna aliyewapa istilahi.

Mayer (2009), katika nadharia yake ya kujifunza kwa njia mseto, anaeleza kanuni ya mafunzo ya awali: mwanafunzi huelewa zaidi somo la picha na sauti iwapo ameyajua mapema majina na sifa za dhana kuu. Kwetu sisi kanuni hii ina uzito wa ziada, kwani kutoa jina la Kiswahili kabla ya video ni kazi ya ufundishaji na pia kazi ya kukuza lugha.

Hali kadhalika, tuwakumbuke wanafunzi viziwi na wenye usikivu hafifu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu na kutumia njia za mawasiliano zinazowafaa. Video isiyo na manukuu ya maandishi huwafungia mlango. Manukuu yanayozalishwa na mashine husaidia, lakini yakaguliwe, hasa penye majina na istilahi.

4.5 Hadhira

Changamoto kubwa zaidi ni ile ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi tunapaswa kuwa wa kwanza kuiona. Mtambaji wa ngano haanzi kabla ya kusema ‘Paukwa!’ na kujibiwa ‘Pakawa!’ Fomula hii haipo kwa ajili ya urembo tu. Ni njia ya fanani kuuliza kama hadhira ipo, iko macho na iko tayari. Asipojibiwa, hurudia au huahirisha. Katikati ya ngano huuliza, huimbisha, hutaja jina la mtoto anayesinzia. Ngano hubadilika kufuata hadhira.

Video haina uwezo huo. Msemaji wake ameongea na kamera siku nyingi zilizopita, na hadhira aliyoifikiria si wewe. Hajui kwamba unatafiti ngano na si mazungumzo ya mjini. Guo, Kim na Rubin (2014) walichunguza vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi za edX. Walibaini kwamba video fupi zilivutia zaidi, na kwamba muda wa kawaida wa kutazama haukuzidi dakika 6, video iwe na urefu wowote ule. Kwa lugha yetu, hadhira isiyoulizwa ‘Paukwa’ huondoka kimyakimya, na fanani wa kwenye kioo huendelea kutamba peke yake.

5.0 Mfano wa Somo: Mgeni Apewe Jembe

Wahenga walisema kwamba mgeni hukaribishwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Methali hii ina mafunzo mawili kwa mada yetu. Mgeni anastahili kukaribishwa, na mgeni anastahili kupewa kazi mahususi katika shamba la mwenyeji. Ufuatao ni mpangilio wa somo lile lile la wiki ya tano, jinsi tulivyoliandika upya muhula uliofuata.

5.1 Kuteua na Kupunguza

Tulitafuta video nyingine ya ELAN, tukaitazama yote, kisha tukajiuliza ni dakika zipi zinazohitajika kwa lengo letu. Lengo liliandikwa kwanza: mwanafunzi aweze kuigawa rekodi ya ngano katika vipande na kunukuu kila kipande katika tabaka linalofaa. Dakika 5 tu ndizo zilizohusika, kuanzia dakika ya 3 hadi ya 8. Msimbo wa kupachika wa YouTube humruhusu mhadhiri kutaja sekunde ya kuanzia na ya kukomea, hivyo tuliandika 180 na 480. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, mwanafunzi atatumia megabaiti 37.5 badala ya 300.

5.2 Kumtambulisha Mgeni

Juu ya video yaliandikwa maneno yafuatayo:

‘Wiki hii unajifunza kunukuu ngano. Anayezungumza katika video ni mtafiti wa isimu, na rekodi yake ni ya mazungumzo ya watu wawili. Yako ni ngano yenye fanani, hadhira na wimbo. Chukua kwake mbinu. Mpangilio utaubuni mwenyewe. Tutaita tabaka kila mstari wa maandishi unaoenda sambamba na sauti. Tutaita kipande kila sehemu ya wakati iliyowekewa mwanzo na mwisho. Kabla ya kubofya, andika: katika ngano yako, ni sauti za nani zinazosikika kwa wakati mmoja?’

Hii ndiyo ‘Paukwa’ ya mhadhiri. Swali la mwisho linamlazimu mwanafunzi kuja kwenye video akiwa na haja yake mwenyewe.

5.3 Kumpa Jembe

Chini ya video kulikuwa na kazi tatu, na kila moja ilihitaji video lakini haikuweza kujibiwa kwa video pekee.

Kazi ya kwanza: msemaji ana tabaka moja kwa kila mzungumzaji. Unda matabaka ya ngano yako, ukitenga la fanani, la hadhira na la maelezo ya utendaji kama vile kupiga makofi, kicheko au kimya. Eleza kwa nini kiitikio cha wimbo umekiweka ulipokiweka.

Kazi ya pili: nukuu dakika moja ya rekodi yako. Onyesha mahali ambapo hadhira ilimkatiza fanani, na useme kama unukuzi wa kawaida wa aya kwa aya ungeonyesha jambo hilo.

Kazi ya tatu: hifadhi kazi yako, funga programu, hamisha faili ya sauti hadi folda nyingine, kisha fungua tena. Nini kimetokea?

Kazi ya tatu iliwashangaza wengi. Faili ya ELAN, ambayo jina lake huishia kwa eaf, haina sauti ndani yake. Huhifadhi maandishi na anwani ya mahali sauti ilipo. Sauti ikihamishwa, programu huuliza iko wapi. Kwa maneno mengine, unukuzi wa ELAN nao umepachikwa juu ya faili nyingine. Video haikulisema jambo hili. Wanafunzi waliligundua wenyewe, na kuanzia hapo hatukuhitaji kuwakumbusha kuzipa faili majina yenye fanani, mahali na tarehe, wala kuweka nakala mahali pawili.

Vyuo vinavyotumia H5P, programu huria inayofanya kazi ndani ya Moodle, vinaweza kuingiza maswali katikati ya video, ili isimame na kusubiri jibu. Hiyo ni njia nzuri. Hata hivyo, swali zuri lililoandikwa chini ya video bila teknolojia hiyo ni bora kuliko swali baya lililowekwa ndani yake.

5.4 Kuwa Tayari Kuagana

Mwisho, tuliandaa akiba: kurasa mbili za hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, zenye picha za skrini tulizozipiga wenyewe katika tarakilishi yetu. Faili ni nyepesi, huchapika, na ni mali ya kozi. Video ikitoweka leo, somo litaendelea kesho. Anayekosa bando atasoma kurasa hizo, na kiziwi hatakosa kitu.

Ukaguzi nao ulipangwa. Mwanzoni mwa muhula, na tena siku chache kabla ya wiki husika, mtu huifungua kila video kwa akaunti ya mwanafunzi, si ya mhadhiri, na kwa simu yenye bando, si kwa mtandao wa chuo. Kasoro nyingi hazionekani na mwenye ufunguo wa nyumba.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni muda. Mhadhiri mwenye madarasa makubwa atasema kwamba aliazima video ili apunguze kazi, na sasa anaongezewa nyingine. Pingamizi hili lina uzito. Jibu letu ni kwamba kazi hii hufanywa mara moja na kutumika mihula mingi, na kwamba video tatu zilizoandaliwa hivi ni bora kuliko thelathini zilizorundikwa. Tena, hapa wanafunzi wa uzamili tuna nafasi. Kuandika faharasa ya istilahi na kurasa za akiba ni zoezi linalofaa semina zetu na vyama vyetu vya Kiswahili.

Pingamizi la pili ni la wale wasemao tusiazime kabisa, bali tutengeneze video zetu za Kiswahili. Tunakubaliana nao kuhusu lengo. Kiswahili ni lugha ya taifa, na tangu Katiba ya 2010 ni mojawapo ya lugha rasmi za Kenya. Hakipaswi kuwa mtazamaji daima. Lakini video bora ya Kiswahili ikitupwa ukurasani bila utangulizi na bila kazi itashindwa kama ilivyoshindwa ya kigeni. Pia, anayetaka kutengeneza video yake atafaidika akijua kwanza wanafunzi wake walikwama wapi katika video ya wengine. Kazi zao zitamwonyesha.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kupachika ni tendo dogo la kiufundi linaloacha nyuma yake kazi kubwa ya kiualimu. Imebainika kwamba video ya mtu mwingine ina mwenyewe, ina gharama, ina lugha yake na ina siku yake ya kuondoka, na kwamba haiwezi kujua kama hadhira ipo. Mambo hayo yote ni ya mhadhiri kuyashughulikia. Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili zikubaliane juu ya kanuni chache: kila video iliyopachikwa iwe na jina la mwenyewe, utangulizi wa Kiswahili wenye istilahi, dakika zilizobainishwa, kazi ya kufanya, na maandishi ya akiba.

Yule mwanafunzi wa rekodi tatu alikamilisha mradi wake. Aliandika sura fupi akilinganisha tambo mbili za bibi yule, ya kwanza yenye watoto na ya pili isiyo na watoto, na sura hiyo ikawa na manufaa. Lakini katika tabaka la hadhira la rekodi ya pili hapakuwa na neno lolote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa somo letu la kwanza ungenukuliwa kwa njia hiyo, tabaka lake la hadhira lingekuwa tupu vivyo hivyo.